Kipimo cha Matunzo: Mzazi Anapochuma Chini ya Uwezo Wake

Swali la mhadhara huu ni fupi. Mzazi anapotakiwa atoe fedha za matunzo ya mtoto asiyeishi naye, kiasi hicho kipimwe kwa kile anachoingiza leo, au kwa kile ambacho angeingiza lau angetia nia? Linaonekana ni swali la wanasheria, lakini kwenye mabenchi ya ofisi za ustawi wa jamii linaulizwa kila siku kwa lugha nyepesi. Mama anasema, "Uwezo anao, hataki tu." Baba anajibu, "Kazi sina." Afisa anabaki katikati, na mtoto anayezungumziwa huenda amekaa pale pale akisikiliza. Ninachotaka kutetea ni kwamba kipimo cha haki ni uwezo wa mzazi, si karatasi ya mshahara aliyochagua kuja nayo, na kwamba uwezo huo lazima uthibitishwe kwa ushahidi wa maisha yake halisi. Hukumu inayosimama juu ya kipato alichojipangia mdaiwa inamdhulumu mtoto. Hukumu inayosimama juu ya kipato cha kubuni inamdhulumu mzazi, na mwishowe haimfikishii mtoto hata senti.

Tuanze na sheria tulikotoka. Kwa miaka mingi Tanzania Bara, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alikuwa na kikomo cha matunzo kilichowekwa na sheria ya zamani ya wakati wa ukoloni: shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kiliendelea kukaa kwenye vitabu wakati shilingi 100 haitoshi tena hata nauli ya daladala, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokifuta. Ubaya wake haukuwa udogo wa kiasi peke yake. Sheria ile haikujali mzazi ni nani: mwenye maduka matatu na mchukuzi wa mizigo sokoni walisimama mstari mmoja. Kwa watoto wa ndoa hali ilikuwa tofauti, maana Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 129, ilimwekea baba wajibu wa kumpa mtoto malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya mali yake na hali yake ya maisha. Kwa hiyo wazo kwamba matunzo yafuate uwezo wa mzazi si geni kwetu. Lilikuwapo tangu 1971, likiwahudumia baadhi ya watoto na kuwaacha wengine.

Sheria ya 2009 iliwaweka watoto wote chini ya paa moja, na kifungu chake cha 44 kinaitaka mahakama itazame mambo kadhaa kabla ya kutoa amri ya matunzo: kipato na mali za wazazi wote wawili, upungufu wowote katika uwezo wa kuchuma wa yule mwenye wajibu, majukumu yake kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto. Hapa ndipo penye ufa ninaotaka tuutazame. Kifungu kinataja wazi kinachopunguza uwezo, kwa mfano maradhi, ulemavu au ajali. Hakisemi lolote juu ya mtu ambaye uwezo wake ni mzima lakini ameulaza. Wapo wanaokisoma kifungu hiki na kuhitimisha kwamba kipato ni kile kinachoonekana, basi. Nadhani wanakosea. Huwezi kupima upungufu wa kitu kabla hujakipima kitu chenyewe. Sheria inapomtaka hakimu aangalie kama uwezo wa kuchuma umepungua, imekwisha kumtaka ajue uwezo huo ulikuwa kiasi gani. Mzazi aliyevunjika mguu anapunguziwa kwa sababu uwezo wake umeshuka. Yule ambaye hakuvunjika chochote, akaacha kazi wiki mbili baada ya kupokea wito, hana upungufu wa kuuonyesha, na hakimu ana haki ya kumpima kwa uwezo alionao. Hata hivyo, tafsiri nzuri ya wakili mmoja haitoshi kuwa kinga ya watoto wote. Jambo hili linastahili kuandikwa.

Majirani zetu wa Kenya waliliandika. Sheria yao ya Watoto ya 2001, ilipoeleza mambo ya kuzingatiwa katika kuamuru fedha za mtoto, haikuishia kwenye kipato. Ilitaja pia uwezo wa kujipatia kipato, mali, na njia nyingine za fedha ambazo mhusika anazo au anatarajiwa kuwa nazo siku za usoni. Maneno machache tu, lakini yanambadilishia hakimu kazi. Haulizi tena "umeleta hati gani" peke yake. Anauliza pia "wewe ni fundi wa nini, umefanya kazi hiyo miaka mingapi, na kwa nini leo huifanyi."

Wala tusidhani kwamba hoja hii imeletwa na sheria za kisasa. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, walilijadili suala la mtu asiye na mali lakini mwenye nguvu za kuchuma, wakauliza kama analazimika kutafuta kazi ili awalishe wanaomtegemea. Imam Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye kitabu chake cha Minhaj kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika darsa za Lamu na Unguja, aliitaja kauli iliyo sahihi zaidi kuwa analazimika. Kukosa fedha mfukoni hakumwondolei mtu wajibu ikiwa mikono yake inaweza kuzileta. Kanuni hiyo inakwenda sambamba na ile nyingine isemayo kwamba kila mtu atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na aliyebanwa asitwishwe asichokiweza. Pande zote mbili za hoja yangu zilikwisha kuwekwa pamoja zamani.

Sasa tushuke kwenye jambo lenyewe linavyotendeka. Tuchukue mfano wa fundi magari mwenye gereji. Kwa miaka minane ameendesha shughuli yake, ana vijana wawili anaowalipa, na kwa mwezi wa kawaida anabaki na shilingi 900,000 baada ya kulipa kodi ya eneo na vipuri. Ametengana na mzazi mwenzake, na watoto wawili wako kwa mama. Wito unapofika, gereji inageuka kuwa ya mdogo wake. Kibao kinabadilishwa jina, na yeye anafika mbele ya hakimu na barua fupi isemayo kwamba ni kibarua anayelipwa 250,000. Barua imesainiwa na mdogo wake huyo huyo. Ukienda pale gereji saa nne asubuhi, yeye ndiye aliye chini ya gari, yeye ndiye anayepatana bei na wateja, na malipo yanaingia kwenye simu yake au ya mkewe mpya. Pengine ana pikipiki tatu mtaani ambazo vijana wanamletea hesabu kila jioni, na hakuna hata moja iliyo kwa jina lake. Mahakama ikikubali barua ile, watoto watapangiwa sehemu ya 250,000 wakati baba anaishi kwa zaidi ya mara tatu yake. Huyu kwa kweli hachumi chini ya uwezo wake. Anaficha. Lakini nimemtaja kwanza makusudi, kwa sababu katika nchi ambayo watu wengi hawana ajira ya mshahara, mstari kati ya kuficha kipato na kukikataa ni mwembamba mno, na kipimo cha uwezo kinawakamata wote wawili bila kumtaka mama awe mpelelezi.

Watu huniambia: uwezo wa bodaboda utaupimaje, au wa mvuvi, au wa machinga? Hawana hati. Ni kweli hawana hati ya mshahara, lakini maisha yao yana alama nyingi. Zipo taarifa za miamala ya simu za miezi sita. Upo mkataba wa pango la fremu, leseni ya biashara, usajili wa mlipa kodi, na vikoba anavyochangia. Yapo malipo ya ada ya watoto wengine katika shule ya kulipia. Mtu asemaye anaishi kwa 250,000 huku akilipa kodi ya nyumba ya 300,000 anapaswa kueleza pengo hilo linazibwa na nani. Sheria ya Mtoto inairuhusu mahakama kuomba taarifa ya uchunguzi wa kijamii kutoka kwa afisa ustawi wa jamii kabla ya kutoa amri ya matunzo. Afisa anayefanya kazi hiyo vizuri anakwenda mtaani, anazungumza na mjumbe, anaona biashara kwa macho yake, anauliza viwango vya kazi ile katika eneo lile. Dereva wa lori la masafa anajua mwenzake analipwa kiasi gani kwa safari, na msusi anajua wenzake wanatoza kiasi gani kwa kichwa. Pale ambapo kila kitu kinashindikana, kipo kima cha chini cha mshahara ambacho Serikali hukitangaza kwa sekta chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004. Hicho kinaweza kuwa sakafu ya mtu mzima mwenye afya anayedai kwamba hana chochote, mpaka athibitishe vinginevyo.

Nimeulizwa pia kwa nini tutazame kosa la mzazi mmoja tu, wakati maisha ni magumu kwa wote. Jibu liko katika tofauti moja kubwa kati ya wazazi hawa wawili. Mzazi anayeishi na mtoto hawezi kuamua kupunguza mchango wake. Hawezi kusema mwezi huu nimeacha kazi, basi mtoto ale nusu. Unga ukiisha, atakopa dukani. Mtoto akishikwa na homa usiku, ndiye atakayemfikisha zahanati. Kila shilingi ambayo mzazi wa mbali anaiondoa kwa kuchuma kidogo makusudi haipotei hewani: inahamia mgongoni kwa yule wa karibu, na ikimshinda inamwangukia bibi kijijini. Aprili 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipowaita kinamama waliotelekezewa watoto wafike ofisini kwake, walifurika kwa maelfu, wengi na watoto migongoni. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya njia iliyotumika, na mimi naamini mambo haya yana mahakama yake. Lakini umati ule ni ushahidi wa mzigo uliokwisha kuhamishwa na wa watu wasiojua mlango mwingine wa kugonga.

Pingamizi ninaloliheshimu ni lile la uhuru wa mtu kuchagua kazi. Je, mhasibu aliyechoka na ofisi hana haki ya kwenda kulima? Mwalimu hawezi kurudi chuo? Anaweza. Hakuna mahakama inayopaswa kumwamuru mtu abaki kwenye kazi asiyoitaka. Swali ni nani anayelipia uchaguzi huo. Kanada wamelishughulikia jambo hili kwa uangalifu tangu mwongozo wao wa matunzo ulipoanza kutumika 1997. Mwongozo huo unairuhusu mahakama kumhesabia mzazi kipato asichokuwa nacho ikiwa amekaa bila kazi, au anafanya kazi ndogo, kwa hiari yake, isipokuwa pale ambapo mahitaji ya mtoto, au mahitaji ya kuridhisha ya elimu au afya ya mzazi, yanamlazimu. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Ontario, katika shauri la Drygala dhidi ya Pauli, ilikutana na baba fundi wa viwandani aliyekuwa ameingia chuo kikuu. Majaji walisema si lazima kuthibitisha kwamba alikuwa na nia mbaya ya kukwepa matunzo. Inatosha kwamba alichagua mwenyewe kuchuma kidogo kuliko awezavyo. Kisha wakatoa kanuni ambayo ningependa kila hakimu wetu aijue: kiasi kinachohesabiwa hakitungwi kichwani, lazima kiwe na msingi wa mantiki katika ushahidi uliopo. Mwanafunzi anaweza kufanya kazi nusu siku. Mkulima mpya anaweza kupewa misimu miwili ya kujijenga ikiwa aliondoka kazini kwa mpango na si kwa pupa. Uhuru wake haujaguswa. Alichozuiwa ni kuufanya mtoto awe mdhamini wa uhuru huo bila kuulizwa.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka upande wa maskini, na hapa kipimo cha uwezo kinaweza kugeuka kuwa dhuluma. Marekani wametuonyesha hatari hiyo. Kwa miaka mingi mahakama za majimbo mengi ziliwahesabia wanaume wasio na kazi kipato cha mtu aliyeajiriwa muda wote, bila kuuliza kama ajira hiyo ipo, kama mhusika anajua kusoma, au kama yuko gerezani. Madeni yakapanda yasilipike, watu wakafungwa kwa kutolipa, wakatoka na deni kubwa zaidi na nafasi ndogo zaidi ya kupata kazi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika shauri la Turner dhidi ya Rogers lililotoka South Carolina, ilitengua hatua ya kumfunga baba miezi 12 pasipo mahakama ya chini kuamua kwanza kama alikuwa na uwezo wa kulipa. Desemba 2016 Serikali Kuu ikatoa kanuni zinazotaka kwamba, kabla ya kumhesabia mzazi kipato, ziangaliwe historia yake ya ajira, ujuzi, elimu, umri, afya, rekodi ya jinai, juhudi zake za kutafuta kazi na hali ya soko la ajira mahali anapoishi. Kanuni hizo pia zilikataza kumchukulia mfungwa kama mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Somo lile si kwamba uwezo usipimwe. Somo ni kwamba ukiupima ovyo unazaa deni la kwenye makaratasi, na deni la kwenye makaratasi halinunui daftari.

Kwetu hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu ukosefu wa kazi ni wa kweli kwa wengi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeamkia kijiweni kila siku na kupata kibarua mara mbili kwa wiki, hachumi chini ya uwezo wake. Huo ndio uwezo wake katika soko lililopo. Kumwekea kiasi cha dereva wa kampuni kwa sababu ni mzima wa viungo ni kumkosea. Sheria ya Mtoto inaruhusu adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili, kwa anayekiuka wajibu wake kwa mtoto. Adhabu hiyo imwendee aliyeweza akakataa. Kumfunga asiyeweza ni kumnyima mtoto hata kile kidogo ambacho kibarua cha wiki kingeleta.

Lipo pia lile linalosemwa kwamba kina mama watafanya matunzo kuwa mradi wa kujipatia fedha. Kauli hii ina historia yake na madhara yake yanajulikana. Kenya ilikuwa na sheria ya 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matunzo ya mtoto. Bunge likaifuta 1969, baada ya wabunge kulalamika kwamba wanawake wanaitumia vibaya. Watoto wa nje ya ndoa wakakaa miongo bila kinga hiyo, na hata sheria ya 2001 haikumwekea baba asiyeoa wajibu wa moja kwa moja. Ilibidi ije Katiba ya 2010, ibara ya 53, kusema waziwazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kama kuna mama anayetumia vibaya fedha za mtoto, mahakama inaweza kuagiza ada ilipwe shuleni moja kwa moja na bima ya afya ilipiwe kwa jina la mtoto. Kumfutia mtoto haki yake kwa tuhuma dhidi ya mama yake ni kumwadhibu asiyehusika.

Na mama mwenyewe? Sheria inataka kipato cha wazazi wote wawili kitazamwe, kwa hiyo kipimo cha uwezo lazima kimhusu naye, na hapa ndipo watetezi wengi wa hoja yangu hunyamaza. Sinyamazi. Mama mwenye taaluma, mwenye watoto wakubwa walio shuleni kutwa, ambaye amekaa nyumbani akingoja fedha za baba, naye apimwe kwa anachoweza. Lakini mama mwenye mtoto wa miezi minane, au mwenye mtoto mlemavu ambaye hakuna kituo cha kumpokea, au aliyeacha kuuza chakula alfajiri kwa sababu hakuna mwingine wa kumwandaa mtoto kwenda shule, huyo hajakataa kuchuma. Saa zake ndizo mchango wake. Ukimhesabia kipato ambacho angepata lau asingekuwa na mtoto, umemtoza mara mbili: mara ya kwanza kwa malezi, mara ya pili kwa fedha ambazo malezi yamezizuia. Ndiyo maana Wakanada waliyataja mahitaji ya mtoto kuwa sababu halali ya mzazi kuchuma kidogo. Na kanuni hiyo hiyo itamlinda baba anayelea, maana wapo akina baba waliobaki na watoto baada ya mama kuondoka.

Ninachopendekeza kiongezwe kwenye kifungu cha 44 kinaweza kuandikwa katika mistari michache. Mahakama izingatie uwezo wa kila mzazi wa kujipatia kipato. Ikiona kipato kimeshuka, iulize kilishuka lini na kwa sababu gani, na mzazi aliyeshuka ndiye aeleze, kwa kuwa ndiye anayejua. Isihesabu kipato chochote bila kutaja kwenye uamuzi wake ushahidi uliotumika: kazi ya zamani, ujuzi, afya, viwango vya eneo lile. Malezi ya mtoto mdogo au mgonjwa, kifungo na ukosefu wa kazi uliothibitishwa visihesabiwe kuwa hiari. Na mzazi ambaye amri imemkuta ana kazi, kisha kiwanda kikafungwa au mgongo ukamshinda, awe na njia nyepesi ya kurudi kuomba kiasi kipunguzwe, kwa fomu ya ukurasa mmoja inayopatikana mahakama ya karibu bila kulazimika kutafuta wakili, na maombi yake yasikilizwe kabla malimbikizo hayajafika mahali pa kumfanya azime simu na kuhama mji.